Unga, Ini na Dozi: Historia ya Methadoni katika Ng'ambo za Mombasa

Historia ya unga, yaani heroini, katika ng'ambo za Mombasa imesimuliwa hasa na watu wa aina tatu. Polisi wamehesabu kilo zilizokamatwa na majina ya walioshtakiwa. Viongozi wa misikiti na makanisa wamehesabu vijana walioharibika. Mashirika ya afya yamehesabu sindano na maambukizi ya virusi vya ukimwi. Kila upande una ukweli wake, lakini wote wamepita kando ya mahali ambapo mambo mengi ya mraibu huamuliwa kila siku, nako ni kwenye ini lake. Hoja ya makala haya ni kwamba mengi tuliyoyaita udhaifu wa tabia huko Likoni, Kisauni na Changamwe yalikuwa mambo ya dozi, na dozi haieleweki mpaka ijulikane jinsi mwili unavyoivunja dawa na kuitoa. Kuna tawi la famakolojia linalochunguza jambo hilo, yaani umetaboli wa dawa. Matokeo yake yamechapishwa kwa miongo kadhaa, na baadhi yalitoka katika damu na mkojo wa Waafrika Mashariki wenyewe. Tukiyasoma sambamba na historia ya unga, historia hiyo hubadilika, na hukumu yetu juu ya watu nayo hubadilika.

Heroini ilianza kuonekana katika miji ya Pwani ya Kenya miaka ya 1980. Mombasa ilikuwa na njia zote za kuupitisha mzigo, na pia soko la kuubakisha: bandari ya Kilindini, reli na barabara kuu inayotoka kisiwani kupitia Changamwe, uwanja wa ndege wa kimataifa huko huko Changamwe, hoteli za watalii kuanzia Nyali hadi Shanzu, na kusini, baada ya feri ya Likoni, barabara ya Lunga Lunga inayoelekea Tanzania. Nyumba za kupanga za ng'ambo ndizo zilizowapokea wachukuzi, vibarua wa bandarini, watu wa matatu na vijana wa ufuoni, na katika mitaa hiyo maskani ya unga yakajikita. Unga wa mwanzo ulikuwa wa kahawia na ulivutwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaingia unga mweupe, na mwaka 2005 mtafiti Susan Beckerleg na wenzake walieleza jinsi kujidunga sindano kulivyoenea Pwani sambamba na mabadiliko hayo. Sababu moja ni ya kikemia. Heroini ya kahawia ni besi: ikipashwa moto hugeuka mvuke unaovutika, lakini haiyeyuki vizuri majini mpaka itiwe asidi. Heroini nyeupe ni chumvi ya hidrokloraidi: huyeyuka majini upesi, na ikichomwa, sehemu kubwa huharibika kabla ya kumfikia mvutaji. Kwa hiyo aliyezoea kuvuta alijikuta na bidhaa inayopotea motoni na inayokubali sindano bila taabu. Uamuzi ulibaki kuwa wake, lakini aina ya mzigo ulioshushwa na matajiri wa biashara hiyo ilikwisha kumsogeza upande mmoja kabla hajaamua.

Ndani ya mwili, heroini haikai. C. R. Alder Wright aliitengeneza London mwaka 1874, na kampuni ya Bayer ikaanza kuiuza mwaka 1898 kama dawa ya kikohozi. Ikiingia katika damu, vimeng'enya huanza kuikata papo hapo, na nusu yake hutoweka kwa takriban dakika 3. Kwanza hugeuka 6-monoasetilimofini, kisha mofini, na ini huishika mofini hiyo na kuiunganisha na asidi ya glukuroniki ili itoke kwa mkojo. Nusu ya mofini nayo hutoweka kwa saa mbili hadi tatu. Kwa hesabu hiyo, aliyejidunga alfajiri atakuwa ameanza kupiga miayo na kutokwa na machozi na kamasi kabla ya jua kuchwa, na usiku tumbo litamkata na mifupa itamuuma. Hiyo ndiyo arosto. Siku nzima ya mraibu, yaani kete (kifuko kidogo cha unga) ya asubuhi, ya mchana na ya usiku, na katikati yake kuomba, kubeba mizigo au kuiba, imepangwa kwa kasi ya vimeng'enya hivyo. Jirani aliyemwona akizunguka mitaa ya Mtongwe au Magongo mara tatu kwa siku akitafuta pesa aliona uvivu na ukosefu wa haya. Mwenye kujua umetaboli wa dawa hiyo angeona pia mwili uliozoea kitu kisichodumu ndani yake hata nusu siku.

Ushahidi wa jambo hili ulijitokeza bila mtu kuupanga. Kuanzia Desemba 2010 hadi Machi 2011 heroini iliadimika katika Pwani ya Kenya. Kama uraibu ungekuwa mazoea mabaya tu, kukosekana kwa bidhaa kungekuwa tiba. Tathmini iliyofanywa miongoni mwa watumiaji ilionyesha hali nyingine: arosto kali, huduma za afya ambazo hazikuwa tayari kuwapokea, na watu kugeukia vileo vingine na kuvichanganya. Vidonge vya usingizi, ambavyo mitaa ya Mombasa huviita bugizi, ni vya hatari hasa vinapochanganywa na unga au pombe, kwa sababu vyote hukandamiza pumzi. Miaka mitatu baadaye vita dhidi ya unga baharini vilishika kasi. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini katika jahazi nje ya pwani ya Kenya, na Agosti mwaka huo huo serikali ya Kenya ikailipua baharini meli iliyonaswa Mombasa ikiwa na zaidi ya kilo 300. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima. Lakini mzigo uliozuiwa hauutibu mwili uliokwisha kuzoea mofini; mwili huo unahitaji dawa.

Dawa hiyo ilikuwepo zamani. Methadoni ilitengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930 na Max Bockmühl na Gustav Ehrhart, waliokuwa wakitafuta dawa ya maumivu. Katikati ya miaka ya 1960, huko New York, Vincent Dole na Marie Nyswander, wakiwa na daktari kijana Mary Jeanne Kreek, walionyesha kwamba dozi moja ya kunywa kwa siku huzuia arosto, hupunguza hamu ya heroini na kumwacha mtu akiwa na akili timamu ya kufanya kazi. Nguvu hiyo inatokana na mwendo wake katika ini: methadoni huvunjwa polepole, kwa hiyo kiwango chake katika damu hakipandi na kushuka kwa ghafla. Afrika Mashariki iliisubiri kwa takriban nusu karne. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza Februari 2011. Mathari, Nairobi, Desemba 2014. Malindi mwanzoni mwa 2015. Kisha kliniki zikafika Kwale na Kisauni. Mkaazi wa Likoni anayehudumiwa Kisauni hulazimika kuvuka feri, kukikata kisiwa, kuvuka daraja la Nyali, kunywa dawa mbele ya mhudumu, kisha kurudi alikotoka, na kesho yake kuanza upya. Mpango huo unawezekana ikiwa tu dawa itadumu mwilini mpaka safari ya kesho. Isipodumu, feri yote na nauli yote ni bure.

Tena haidumu sawa kwa kila mtu. Maelezo rasmi ya methadoni yanasema kwamba muda wa nusu yake kutoweka ni kati ya saa 8 na saa 59. Tofauti hiyo ni kubwa mno. Watu wawili wanaweza kupanga foleni moja, wakanywa kipimo kimoja, na mmoja akalala usiku mzima huku mwenzake akiamka saa tisa za usiku jasho likimtoka. Wakati wa kuanza, hatari hugeuka: kwa yule ambaye ini lake ni la polepole, dozi ya leo hujilimbikiza juu ya ile ya jana, na kiwango kikipandishwa kwa haraka pumzi inaweza kukatika. Kwa muda mrefu vitabu vilisema kwamba kimeng'enya kikuu cha kuivunja methadoni ni CYP3A4. Uchunguzi wa Evan Kharasch na wenzake huko Marekani ulionyesha kwamba mzigo mkubwa unabebwa na CYP2B6. Jambo hilo linatuhusu moja kwa moja, kwa sababu toleo la jeni liitwalo CYP2B6*6, linalopunguza kasi ya kimeng'enya hicho, limeenea sana katika jamii za Afrika kusini mwa Sahara. Kimeng'enya hicho hicho ndicho huvunja efavirenzi, dawa ya virusi vya ukimwi iliyomezwa na mamilioni ya Waafrika. Mwaka 2013 Eliford Ngaimisi na wenzake walichapisha ulinganisho wa wagonjwa wa Tanzania na wa Ethiopia waliokuwa wakimeza dozi ile ile ya efavirenzi, na Watanzania wakaonekana kuwa na kiwango kikubwa zaidi cha dawa katika damu.

Kenya yenyewe ina urithi katika utafiti huu, ingawa hautajwi sana. Mwaka 1990 watafiti walioshirikiana na taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, wakiwemo William Watkins, Edward Mberu na Davy Koech, waliandika kuhusu proguanili, dawa ya kuzuia malaria. Proguanili hutegemea ini liigeuze kuwa saikloguanili, ambayo ina nguvu kubwa zaidi dhidi ya vimelea. Watafiti hao waliwapima Wakenya wazima wenye afya na kukuta kwamba uwezo wa kuigeuza unatofautiana mno kati ya mtu na mtu. Maana yake ni kwamba watu wawili wanaweza kumeza kidonge kimoja kwa uaminifu ule ule, damu zao zikapata kinga isiyo sawa. Miaka 24 kabla ya methadoni kufika Kenya, somo muhimu kuliko yote kuhusu dozi lilikuwa limekwisha kuandikwa hapa nchini, juu ya miili ya Wakenya. Kilichokosekana ni watu wa kulihamisha kutoka kwenye malaria na kulipeleka kwenye uraibu.

Hakuna mahali ambapo kosa hilo lina gharama kubwa kuliko kwenye kifua kikuu. Mwaka 1972 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya kwanza ya majaribio yaliyoendeshwa na nchi za Afrika Mashariki pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Majaribio hayo yalionyesha kwamba kifua kikuu, kilichokuwa kikitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, kingeweza kutibiwa kwa miezi 6 ikiwa rifampisini au pirazinamidi itaongezwa kwenye streptomaisini na isoniazidi. Wagonjwa wa nchi zetu walisaidia kuuthibitishia ulimwengu thamani ya rifampisini. Lakini rifampisini huliamsha ini litengeneze vimeng'enya vingi kuliko kawaida, na vimeng'enya hivyo havichagui dawa ya kuvunja. Mwaka 1976 Kreek na wenzake walieleza habari za wagonjwa 30 wa methadoni waliopewa rifampisini huko New York: 21 kati yao walipatwa na arosto. Sasa mtazame mgonjwa wa Changamwe aliyetulia kwenye methadoni, ambaye kikohozi chake kimegunduliwa kuwa kifua kikuu. Anaanza vidonge kama alivyoagizwa. Wiki ya kwanza au ya pili haijapita, arosto inamrudia, ingawa hajakosa dozi hata moja. Asipoambiwa sababu, yeye mwenyewe ataamini kwamba methadoni imemshinda. Mhudumu asiyejua sababu atamwona kama anayetaka kuongezewa dawa ili alewe. Maskani hayako mbali, na kete inapatikana.

Hali hii si ya nadra kiasi cha kupuuzwa. Watu wanaojidunga huishi na kufungwa gerezani katika mazingira yanayokilea kifua kikuu, na uchunguzi uliofanywa kwa wagonjwa wa methadoni wa Muhimbili ulikuta kiwango cha ugonjwa huo kikiwa juu mno kuliko cha jamii kwa jumla. Virusi vya ukimwi viliongeza mgongano mwingine, kwa kuwa efavirenzi na nevirapini nazo huharakisha kuvunjwa kwa methadoni. Kenya ilipoanza kuhamia dolutegraviri mnamo 2017, sehemu hiyo ya tatizo ilipungua, maana dolutegraviri haiisumbui methadoni kwa kiwango cha kujali. Lakini rifampisini huipunguza dolutegraviri yenyewe, hata mgonjwa wa kifua kikuu hulazimika kuinywa mara mbili kwa siku. Kwa hiyo mtu mmoja mwenye maradhi mawili na uraibu hubeba ndani ya ini lake hesabu ambayo kliniki tatu tofauti zinaiandika katika madaftari matatu. Kwamba hesabu hiyo ina uzito kumethibitishwa Dar es Salaam: katika kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 600 wa mwanzo wa Muhimbili, waliopewa dozi ya wastani au ya juu walibaki katika matibabu kuliko waliopewa dozi ndogo. Kubaki au kuondoka, jambo tunalopenda kulipima kwa nia ya mtu, lilifuatana na miligramu.

Yapo mapingamizi mazito, na hayafai kurukwa. La kwanza limetolewa na viongozi wa dini wa Pwani tangu mipango ya kugawa sindano safi ilipotangazwa na baadaye methadoni ilipokuja: kwamba huku ni kuuondoa ulevi kwa ulevi. Ni kweli kwamba methadoni ni opioidi, kwamba mtu huizoea, na kwamba inaweza kuua ikipewa ovyo. Lakini kinachomfanya mtu alewe ni kupanda kwa ghafla kwa dawa katika ubongo, na kinachomtesa ni kushuka kwake kwa ghafla. Heroini inayovunjwa kwa dakika huleta yote mawili mara kadhaa kwa siku. Methadoni iliyopimwa vizuri haileti lolote kati ya hayo, na anayeinywa anaweza kusimama katika safu ya swala, kuendesha biashara na kulea watoto. Isipopimwa vizuri, pingamizi la viongozi hao linapata nguvu, kwa sababu mgonjwa ataongezea kwa unga au bugizi. Kwa hiyo anayechukia ulevi kwa dhati ana sababu kubwa kuliko mtu yeyote ya kudai dozi sahihi.

Pingamizi la pili linasema kwamba kulizungumzia ini ni kumpa mraibu kisingizio, na pia kuwafunika matajiri wa biashara hiyo na umaskini uliowafungulia mlango. Nakubali kwamba hakuna kimeng'enya kilichompeleka mtu kwenye kete ya kwanza. Ukosefu wa kazi, rafiki, huzuni na tamaa ya mfanyabiashara vina sehemu yao, na historia ya ng'ambo haiwezi kuandikwa bila hivyo. Lakini wajibu wa mtu hupimwa kwa kile alichoweza kukifanya. Yule aliyevuka feri kila siku kwa mwaka mzima kufuata dawa, kisha akaangushwa na mgongano wa rifampisini ambao hakuna aliyemwonya, alikwisha kuonyesha nia yake. Kumwita mdhaifu ni kosa la kweli kabla ya kuwa kosa la huruma.

Pingamizi la tatu ni la gharama: nchi ambayo wagonjwa wake hukosa hata glovu itatoa wapi pesa za kupima jeni? Jibu ni kwamba elimu hii haihitaji kila kliniki iwe na mashine ya jeni. Inahitaji mhudumu amtazame mgonjwa kabla ya dozi na saa chache baada yake, amuulize arosto huanza saa ngapi, na aamini anachoambiwa. Inahitaji daftari la kifua kikuu na la methadoni yazungumze, ili siku rifampisini inapoanza mgonjwa aonywe, na dozi ipandishwe hatua kwa hatua. Zaidi ya yote inahitaji ukumbusho wa siku rifampisini inapokwisha, kwa sababu ini hurudi katika mwendo wake wa kawaida ndani ya wiki chache, na dozi iliyokuwa ikimfaa jana inaweza kumuua leo. Yote hayo ni mazungumzo, kalamu na uangalifu. Pesa za maabara zitumike kwenye utafiti wa kundi, ili miongozo yetu itokane na miili yetu.

La nne ni hofu kwamba habari za jeni zitageuzwa kuwa habari za kabila. Hofu hiyo ina msingi, na historia ya Mombasa yenyewe inaijibu. Kisauni kuna Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani, ambao asili zao zilikuwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki na ya Kati. Juu ya kizazi hicho, na juu ya Waswahili na Wamijikenda waliokuwepo, bandari na reli zilileta Wakamba, Wataita, Wajaluo, Waluhya na wengine wengi. Sayansi nayo inakataa Mwafrika mmoja wa jumla: uchunguzi wa Eleni Aklillu na wenzake wa mwaka 1996 ulikuta Waethiopia 29 kati ya kila 100 wakiwa na nakala za ziada za jeni ya CYP2D6, inayoigeuza kodeini kuwa mofini, kiwango kilicho mbali na cha jamii nyingi za dunia. Lakini hata miongoni mwao, 71 hawakuwa nazo. Wastani wa jamii humsaidia mwandishi wa mwongozo. Hauwezi kumwambia mhudumu wa Kisauni chochote cha uhakika juu ya mtu aliyesimama mbele yake.

Ndiyo maana nashikilia kwamba historia ya unga na methadoni katika ng'ambo za Mombasa inapaswa kuandikwa upya, na dozi iwe katikati yake. Kuja kwa unga mweupe, uhaba wa 2010, kuchelewa kwa methadoni na watu kukatiza matibabu ni mambo ambayo polisi, mimbari na takwimu zimeyaeleza nusunusu. Nusu iliyobaki imo katika kazi ya watafiti waliopima kasi ya dawa mwilini, kuanzia proguanili ya 1990 hadi efavirenzi ya 2013. Sasa rifapentini, inayoliamsha ini kama rifampisini, inatumiwa kuzuia kifua kikuu, na wagonjwa wa methadoni watakuwa miongoni mwa watakaoipokea. Kliniki za Pwani zina wagonjwa, zina kumbukumbu za miaka, na nchi ina wanasayansi wanaojua kazi hii. Utafiti wa umetaboli wa methadoni ufanywe hapa, pamoja na wagonjwa wa Kisauni, Likoni na Changamwe na kwa ridhaa yao, na matokeo yarudishwe kwao kwa lugha wanayoizungumza. Wamelipa gharama ya kutojua kwetu kwa muda mrefu wa kutosha.